Boti ya 1984: inverta inajikata, RCD ya gatini inaruka, betri zinaisha usiku. Nianzie wapi?

#1 MarejeoNgamani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Nina boti ya mashine ya futi 42, ya mwaka 1984, injini mbili za dizeli. Imeshapita mikono kadhaa kabla ya kunifikia, na kila mwenyewe ameniachia waya zake. Ukifungua paneli unakuta waya za kila rangi. Nyingine zimekatwa na kuzungushiwa utepe, hazijulikani zinatoka wapi wala zinakwenda wapi. Mchoro wa kiwandani ninao, lakini haufanani tena na kilichomo ndani.

Umeme mdogo ni volti 12. Betri za nyumbani ni nne za volti 6, ampea-saa 220 kila moja, jumla 440 kwa volti 12. Umeme mkubwa ni volti 230 kutoka gatini au kwenye jenereta. Aliyekuwa nayo kabla yangu alifunga inverta-chaja (inageuza umeme wa betri kuwa volti 230, na ukiwa gatini inachaji betri) ya wati 2000, mawimbi safi.

Shida ni tatu:

1. Nikiwa nimetia nanga, nikiwasha birika la umeme la wati 1200, inverta inakwenda nusu dakika, inalia, inajikata. Kioo kinasema volti ya betri iko chini. Nikienda kupima betri nakuta 12.6.

2. Nikifika gatini na kuchomeka kebo ya nje, RCD (kinga inayokata umeme ukivuja) ya kwenye nguzo inaruka papo hapo. Nikizima inverta kwanza ndipo nichomeke, hairuki.

3. Nikilala nanga, alfajiri nakuta betri zina volti 11.7, na usiku kucha hakuna kilichowaka zaidi ya friji na taa ya mlingoti.

Fundi mmoja alikuja, akatazama dakika kumi, akasema inverta imechoka, ninunue ya wati 3000. Kabla sijatoa hela nimeona niulize waliokwisha kupita njia hii.

#2 FundiWaTezi

Mkuu, usinunue kitu. Inverta inayosema volti iko chini huku betri inasoma 12.6 inakwambia ukweli, ila inausema kutoka pale ilipo. Betri iko upande mmoja wa kebo, inverta upande mwingine. Volti zinapotea njiani.

Tena umepima baada ya inverta kujikata, wakati hakuna mzigo. Umeme usiposafiri, hata kiungo kibovu kabisa hakipotezi kitu, na mita itakuonyesha 12.6 kila mahali. Lazima upime birika likiwa linachemka.

Chota maji, jaza birika ili lisichemke haraka, kisha mwite mtu akushikie swichi. Vua pete na saa. Volti 12 haitakurusha, lakini pete ikigusa chanya na hasi kwa pamoja inawaka nyekundu kidoleni. Weka mita kwenye volti za DC (umeme wa betri), na birika likiwa limewashwa soma haya kwa haraka:

Kwanza, kwenye vichwa vya betri vyenyewe. Gusa risasi ya betri, usiguse lagi (kichwa cha chuma kilichobanwa mwishoni mwa kebo).
Pili, kwenye boliti za kuingilia umeme za inverta.
Tatu, ncha moja ya mita kwenye kichwa cha chanya cha betri, nyingine kwenye boliti ya chanya ya inverta. Hapo unapima kebo hiyo mwanzo hadi mwisho, na namba utakayoona ndiyo volti iliyopotea upande wa chanya.
Nne, hivyo hivyo upande wa hasi. Usiuruke huu. Watu wengi wanakagua chanya tu kwa sababu ndiko kwenye fyuzi na swichi.

Kama una klampu mita inayosoma DC, kaba kebo ya inverta uniambie ampea ngapi.

Shida ya pili na ya tatu nina dhana zangu, lakini tuanze na namba.

#3 NahodhaWaZiwani

Kuhusu RCD, mimi ilinisumbua hivyo hivyo mwaka mzima. Nilitoa waya wa ethi (wa kupeleka ardhini umeme unaovuja) kwenye plagi ya kebo ya nje, haikuruka tena. Kazi ya dakika tano.

#4 FundiWaTezi

NahodhaWaZiwani, ndugu yangu, nakuomba leo hii, kabla hujalala, urudishe waya huo. Na mpaka utakapourudisha, kebo isichomekwe.

RCD inalinganisha umeme unaokwenda kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Vikitofautiana kwa miliampea 30 hivi, inakata. Tofauti hiyo maana yake kuna umeme unaovuja na kurudi kwa njia nyingine, na kwako njia hiyo ilikuwa ethi. Ulipoikata, uvujaji haukuisha, umebaki pale pale ukiwa hauna njia ya kurudi. Kila chuma kilichofungwa kwenye ethi ya boti yako sasa kinaweza kuwa na umeme, kinangoja njia, na njia itakayojitokeza ni mtu anayekanyaga gati akiwa ameshika reli.

Kwenye boti ambazo ethi imefungwa pamoja na injini, njia ni rafadha na maji yaliyoizunguka. Jina lako linasema uko ziwani, na maji baridi ni mabaya zaidi kwa hili kuliko ya bahari. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko mwili wa mtu, kwa hiyo umeme mwingi unampita pembeni. Maji ya ziwa yanapitisha vibaya, mwili unapitisha vizuri zaidi, basi umeme unamwona mwogeleaji ndiye njia rahisi. Misuli inakaza, mtu hawezi kupiga mbizi wala kupiga kelele, anazama. Anayemrukia kumwokoa anazama naye. Wanaotazama wanadhani ni maji tu yamewashinda. Hii imeua watu, watoto wengi miongoni mwao, kwenye magati yenye umeme.

Na usitegemee RCD ya nguzoni ikuokoe hapo. Kuna magati ya zamani ambayo hayana kabisa.

#5 NahodhaWaZiwani

Fundi, nimesoma mara mbili. Watoto wangu wanaogelea upande wa tezi kila wikiendi. Nakwenda sasa hivi.

#6 MarejeoNgamani

Nimepima. Birika limewashwa, mke wangu kwenye swichi, mimi nimelala kifudifudi juu ya ngama (sehemu ya chini kabisa ya boti):

Vichwa vya betri: 12.1
Boliti za inverta: 10.5, ikajikata sekunde chache baadaye
Upande wa chanya: 0.45
Upande wa hasi: 1.15
Klampu mita: ampea 162

Sikutegemea hasi. Kebo zote mbili ni milimita mraba 35, mita tatu kwenda na tatu kurudi.

#7 FundiWaTezi

Kazi safi, na mpe shikamoo zangu shemeji kwa kukushikia swichi.

Namba zako zinajumlika: 0.45 na 1.15 ni 1.6, nayo ndiyo tofauti ya 12.1 na 10.5. Zisipojumlika ujue umegusa mahali pasipo.

Sasa tazama. Shaba ya milimita mraba 35 ina ukinzani wa karibu miliohmu nusu kwa kila mita. Mita tatu ni miliohmu moja na nusu. Kwa ampea 162, kebo nzima isiyo na kasoro inapoteza karibu volti 0.24. Chanya yako imepoteza 0.45, yaani kebo na nyongeza ya 0.21 ambayo ni swichi na fyuzi. Si nzuri, lakini haistaajabishi kwa swichi ya umri huo. Hasi hakuna swichi wala fyuzi, na imepoteza 1.15. Toa 0.24 ya kebo, unabaki na 0.91 mahali fulani. Kuna kiungo kimoja kinachokula karibu volti moja.

Zidisha 0.91 kwa 162. Ni wati 147, zote kwenye boliti moja. Kama kuna lagi yenye plastiki iliyogeuka kahawia au inayonuka, umeshafika.

Tembeza ncha za mita hatua kwa hatua upande wa hasi: kichwa cha betri hadi lagi yake, lagi hadi basba (upau wa shaba unaokusanya waya), basba hadi lagi inayofuata, mpaka inverta. Kila kiungo kizuri kitasoma milivolti chache. Kimoja kitaruka.

Lakini kuna kitu kimenishughulisha zaidi katika namba zako, nacho ni hizo ampea 162. Birika la wati 1200, inverta ikipoteza asilimia kumi, kwa volti 10.5 lilipaswa kuvuta kama ampea 127. Ampea 35 za ziada zinakwenda wapi? Inverta yako inalisha kitu kingine usichokijua. Zima birika, zima kila unachokijua, halafu kaba kebo tena.

#8 KebozaZamani

Niingize neno hapo kabla hajajibu. Kwenye boti za miaka hiyo, mwenyewe akifunga inverta-chaja mpya mara nyingi chaja ya zamani haiondolewi. Inabaki imefichwa chini ya kitanda au nyuma ya tangi, na breka yake inabaki kwenye paneli ambayo sasa inalishwa na inverta. Matokeo: betri inalisha inverta, inverta inalisha chaja, chaja inachaji betri ile ile. Kila mzunguko unapoteza sehemu yake kama joto. Fuata kebo nyekundu zinazotoka kwenye betri, zihesabu, kila moja ujue inafika wapi.

#9 MarejeoNgamani

KebozaZamani, umesema kama uliyekuwa ndani ya boti yangu.

Kila kitu kimezimwa, inverta imewashwa: ampea 32 zinatoka kwenye betri. Nikahesabu kebo nyekundu. Moja nyembamba inapita chini ya sakafu kwenda kwenye kabati la nguo la chumba cha mbele. Nikatoa nguo, nikatoa ubao wa nyuma, nikakuta sanduku la chuma la kijivu, lina joto la kushikika kwa taabu na linanguruma. Chaja ya ampea 20. Nikaikaba kebo yake: ampea 21 zinarudi kwenye betri.

Kwa hiyo 32 zinatoka, 21 zinarudi, 11 zinapotea. Kwa saa tisa za usiku ni ampea-saa 99, mbali na friji. Kumbe miaka miwili nimekuwa nikiilaumu friji.

Breka yake kwenye paneli imeandikwa "Soketi za mbele". Nimeizima. Nikakaba tena: ampea 2 tu, inverta yenyewe ikiwa macho.

#10 FundiWaTezi

Hapo shida ya tatu umeimaliza, na sehemu ya ile ya kwanza, maana kila ulipowasha birika ulikuwa unabeba na chaja mgongoni.

Chaja hiyo ukitaka kubaki nayo kama akiba, ihamishie kwenye breka ya umeme wa gatini, upande ambao inverta haifiki. Hita ya maji nayo ndiyo hivyo hivyo. Ikiwa upande wa inverta itakumalizia betri kabla maji hayajapata joto.

Sasa tafuta hiyo boliti.

#11 Msomaji_wa_Pembeni

Samahani kuingilia. Inverta yangu ni ya zamani sana, na mita inasoma volti 190 badala ya 230 kwenye soketi. Ina maana imeharibika?

#12 KebozaZamani

Pengine haina shida. Inverta nyingi za zamani hazitoi wimbi laini, zinatoa wimbi la ngazi. Mita za bei ndogo zimetengenezwa kwa kudhani wimbi ni laini, na zikikutana na ngazi zinasoma pungufu. Tafuta mita iliyoandikwa "True RMS" upime tena. Ila vifaa vyenye mota na baadhi ya chaja ndogo vitapata joto zaidi kwenye wimbi hilo. Vishike kwa mkono mara kwa mara.

#13 MarejeoNgamani

Nimeipata.

Nyuma ya betri, ukutani, kuna basba ya hasi ambayo huioni mpaka uweke kioo. Boliti ya mwisho ina lagi tatu zimebebana. Ya inverta ndiyo ya juu kabisa. Nikapima kati ya lagi hiyo na shaba ya basba birika likiwa limewashwa: volti 0.7 na ushee (sasa chaja imezimwa, ampea zimepungua). Plastiki ya lagi imekuwa rangi ya chai.

Nikafungua nati. Kati ya lagi na lagi kulikuwa na washa (vibati vya duara vyenye tundu) za chuma cha pua. Washa tatu. Yaani umeme wote wa inverta ulikuwa unapenya washa, lagi, washa, lagi, washa, ndipo unafika kwenye shaba. Na chini kabisa shaba imeota unga wa kijani.

Nilipokata mpira wa lagi, waya ndani ni mweusi kama masizi kwa karibu sentimita nane. Nilikwangua kwa kisu, weusi hautoki.

#14 FundiWaTezi

Chuma cha pua kinakinza umeme mara arobaini hivi kuliko shaba. Washa moja iliyokazwa vizuri kwenye chuma kisafi isingekuharibia hivyo, lakini tatu, zenye chumvi katikati, na lagi ambazo hazijalala sawasawa, ndiyo hizo wati 147.

Mpangilio ni huu: lagi inakaa moja kwa moja juu ya shaba, uso kwa uso. Juu yake washa bapa, juu yake washa ya springi, kisha nati. Washa kazi yake ni kukaza, umeme usipite ndani yake. Lagi kubwa ya inverta iwe ya chini kabisa, karibu na shaba, ndogo ndizo zije juu. Bora zaidi ipe boliti yake peke yake.

Waya mweusi usihangaike kuusafisha. Unyevu umepanda ndani ya plastiki kwa miaka, shaba imeliwa uzi kwa uzi. Kata mpaka uone shaba inayong'aa, na kama haionekani ndani ya sentimita kumi na tano, badilisha kebo yote. Na kwa kuwa unabadilisha, weka ya milimita mraba 70, ya shaba iliyopakwa bati. Bana lagi kwa koleo la haidroli lenye kalibu ya saizi ile ile. Kugonga kwa nyundo kunaacha hewa ndani, na chumvi inakaa humo. Funga kwa mpira wenye gundi ndani.

Na fyuzi iko wapi? Ulisema upande wa chanya ina fyuzi, hukusema mahali.

#15 MarejeoNgamani

Iko pembeni ya inverta, mita mbili na nusu kutoka kwenye betri.

#16 FundiWaTezi

Basi mita mbili na nusu za kebo nene zinapita chini ya sakafu bila kinga yoyote. Fyuzi inailinda kebo, na hatari inatoka kwenye betri. Kebo ikichubuliwa na ukingo wa mbao katikati ya njia, betri itamwaga maelfu ya ampea, na fyuzi iliyoko mbele ya hapo haitajua lolote. Kiwango cha ABYC (baraza la boti la Marekani) namba E-11 kinataka kinga ndani ya inchi 7 kutoka kwenye chanzo, yaani kama sentimita 18. Kinaruhusu umbali zaidi ikiwa kebo imevikwa ala, lakini wewe una nafasi, iweke karibu na betri.

Chagua fyuzi inayoweza kuzima mkondo mkubwa wa shoti. Aina ya Class T inafaa, na siku ukihamia betri za lithiamu hutahitaji kuibadilisha, maana zile zinatoa mkondo mkali zaidi wakati wa shoti.

Kingine, angalia waya wa ethi wa sanduku la inverta. Wengi wanafunga waya mwembamba wa kijani kama wa soketi. Chanya ya DC ikigusa sanduku kwa ndani, mamia ya ampea yatapita kwenye huo waya mwembamba, nao utaungua kabla fyuzi haijakata. Uwe mnene karibu sawa na kebo ya chanya yenyewe, upungue saizi moja tu.

#17 NahodhaWaZiwani

Nimerudi. Ethi niliirudisha usiku ule ule. Asubuhi nilichomeka, RCD ikaruka, kama ulivyosema. Nikazima breka zote, nikawa nawasha moja moja. Ilipofika hita ya maji, ikaruka.

Nikachomoa kebo ya nje, nikatoa waya zote mbili za hita, nikapima kati ya ncha ya elementi na bati la tangi. Kiloohmu 6. Nikagawa 230 kwa 6000: miliampea 38. Elementi imepasuka, maji yanaingia ndani.

Mwaka mzima bati la hita limekuwa na umeme, na hita iko chini ya benchi wanalokaa watoto wakivua nguo za kuogelea zikiwa mbichi. Sina la kusema. Elementi mpya imeshafungwa, inasoma zaidi ya kiloohmu 2000, mita inafika mwisho. Ahsante, mzee.

#18 FundiWaTezi

Alhamdulillahi. Umefanya vizuri kutoa waya zote mbili kabla ya kupima. Breka za zamani nyingi zinakata laivu peke yake, nyutro inabaki imeunganishwa, na ungepima na waya yake pale ungepata namba ya boti nzima.

#19 MarejeoNgamani

Kebo mpya zimeingia. Nilipounganisha chanya ya mwisho kwenye inverta ilipiga cheche kubwa na mlio, nusura niidondoshe spana ndani ya ngama. Nimeharibu kitu?

#20 KebozaZamani

Hapana. Ndani ya inverta kuna kapasita (vihifadhi umeme) kubwa, zikiwa tupu zinavuta umeme wote kwa mpigo. Siku nyingine zijaze kwanza: gusisha kikinzani cha ohmu 50 hivi kati ya kebo na boliti kwa sekunde kadhaa, kisha unganisha. Na ukifungua, zinabaki na umeme kwa muda. Subiri kabla hujashika ndani. Ila usiunganishe kamwe betri zikiwa zimetoka kuchajiwa na kofia za maji zinatoa gesi. Cheche kama hiyo na haidrojeni havikai pamoja.

#21 FundiWaTezi

Sasa RCD ya gatini, ambayo nadhani ndiyo iliyokuwa ikikukera zaidi.

Inverta ikiwa inazalisha umeme, lazima nyutro yake iungane na ethi, vinginevyo breka na RCD za ndani haziwezi kufanya kazi. Ndani yake kuna relei (swichi inayojiendesha kwa umeme) inayofanya hivyo. Umeme wa gatini ukiingia, relei inaachia, kwa sababu nyutro na ethi zimeshaungana kule nchi kavu na haziruhusiwi kuungana mara ya pili botini.

Lakini inverta haipokei umeme wa nje papo hapo. Inausikiliza kwanza sekunde kadhaa, volti na hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde) ziko sawa au la. Katika sekunde hizo bado inazalisha wake, relei bado imeshika. Kwa boti iliyofungwa vizuri hakuna tatizo, kwa sababu nyutro ya inverta na nyutro ya gatini hazikutani. Kwako, naamini zinakutana mahali. Aliyefunga inverta alihamisha laivu za soketi kwenda upande wa inverta, nyutro akaziacha kwenye basba ya zamani. Basi unapochomeka, nyutro ya gatini inajikuta imefungwa na ethi ndani ya boti yako. Hata ukiwa huna mzigo, ile volti ndogo iliyopo kati ya nyutro na ethi ya gatini inatosha kusukuma miliampea 30, RCD inaruka. Ukizima inverta kwanza hairuki. Inalingana na ulivyoeleza.

Kuthibitisha: chomoa kebo ya nje, zima jenereta, tenga inverta na betri, zima breka zote. Upande huu unaua, kwa hiyo hakikisha kwa mita kwamba hakuna volti kabla ya kugusa. Toa waya wa nyutro kwenye boliti ya kutokea ya inverta. Pima ukinzani kati ya waya huo uliotolewa na pini ya nyutro ya plagi ya nje. Panapaswa pasiwe na njia kabisa.

#22 MarejeoNgamani

Ohmu 0.3.

#23 FundiWaTezi

Haya. Acha mita imeunganishwa hapo hapo, ikiwezekana kwenye mlio. Nenda nyuma ya paneli, toa nyutro moja moja kwenye basba. Kila unayoitoa ibandike karatasi yenye namba na jina la breka kabla hujaigusa nyingine. Mlio ukikatika, umeipata. Usisimame hapo, endelea mpaka mwisho, zinaweza kuwa zaidi ya moja.

#24 Mwambao_60

Kwa wenye boti za Marekani: mantiki ni hii hii, ila mnaweza kuwa na laivu mbili za volti 120 na nyutro moja katikati, basi hesabuni nyutro kwa uangalifu zaidi. Na transfoma inabadilisha volti, haibadilishi hezi. Mota ya hezi 60 kwenye umeme wa hezi 50 inazunguka taratibu kwa sehemu moja ya sita na kupata joto. Kiyoyozi cha zamani hakipendi hivyo.

#25 MarejeoNgamani

Wakuu, siku mbili nyuma ya paneli, karatasi 31 zimebandikwa.

Nyutro zilikuwa zinakutana mahali pawili. Kwanza, kipande cha shaba chenye urefu wa kidole kinachounganisha basba mbili za nyutro. Kimewekwa kiwandani, kipo hata kwenye mchoro wa 1984, na wakati ule kilikuwa sahihi maana boti haikuwa na inverta. Aliyefunga inverta alitumia basba ya pili kwa ajili yake bila kukitoa hicho kipande. Mahali pa pili ni soketi ya jikoni: laivu iko upande wa inverta, nyutro imepita njia ya zamani.

Nimetoa kipande, nimehamisha nyutro ya jikoni. Mita sasa haioni njia. Nimechomeka gatini inverta ikiwa inazalisha. Nikahesabu moja, mbili, mpaka kumi na nane, nikasikia relei inagonga, taa ya gatini ikawaka. RCD imetulia. Nimechomoa na kuchomeka mara sita, imetulia.

Birika, fundi, namba zako hizi: betri 12.2, inverta 11.93, ampea 112. Chanya imepoteza 0.16, hasi 0.11. Limechemka mpaka mwisho likajizima lenyewe. Mke wangu alimwaga maji akachemsha mengine, makusudi, kuona kama inverta itajikata.

Usiku nimelala nanga: jioni 12.6, alfajiri 12.4.

Sijanunua inverta.

#26 FundiWaTezi

Hongera sana, mkuu. Umeona na ampea zimeshuka hadi 112 kwa birika lile lile, kwa sababu chaja ya zamani imezimwa na volti inayofika ni kubwa zaidi.

Hizo karatasi 31 zichore kwenye ukurasa mmoja kabla hazijabanduka kwa unyevu, na ukurasa huo uubandike ndani ya mlango wa paneli. Baada ya wiki moja ya kusafiri kaza tena nati zote za DC, shaba mpya inakaa kidogo. Na taja waya wowote ambao hukuupata mwisho wake.

#27 MarejeoNgamani

Mchoro nimeuanza. Waya usiojulikana umebaki mmoja: nyutro ya soketi ya choo cha tezi. Inaingia juu ya dari na haitokei upande wa pili. Breka yake nimeifunga kwa utepe mwekundu isiwashwe. Kesho navua dari.